Ganda Moja, Mitutu Miwili: Kisa cha .244 Remington

Mwaka 1955 viwanda viwili vya bunduki vya Marekani, Winchester na Remington, vilileta sokoni risasi mbili ambazo ukizilaza mezani pamoja utadhani zimezaliwa tumbo moja. Winchester waliiita yao .243 Winchester. Remington wakaiita yao .244 Remington. Majina yasikuchanganye: vichwa vya zote mbili, yaani vile vipande vinavyoruka nje ya mtutu, vina kipenyo cha inchi 0.243, takriban milimita 6.2. Tofauti inayoonekana kwa macho ni ya ganda. La Remington ni refu kidogo, linameza baruti zaidi, na kichwa chenye uzito uleule hutoka kwa kasi zaidi kidogo. Kwa hesabu ya karatasi, Remington ndio waliokuwa na mali bora.

Miaka minane baadaye, mwaka 1963, Remington walilifuta jina la .244. Risasi ileile, ganda lilelile kwa kila kipimo, ikaanza kuuzwa kwa jina la 6mm Remington. Walikuwa wameshachelewa. .243 ilikuwa imeshashika maduka na mikono ya wawindaji, na mpaka leo ni risasi ya kawaida madukani, wakati .244 imebaki kwa wakusanyaji na kwa watu waliorithi bunduki za babu zao.

Kilichowaangusha hakikuwa ganda wala baruti. Ni urefu wa mtutu ambao kichwa cha risasi husafiri kabla hakijamaliza mzunguko mmoja. Kwa Winchester ulikuwa inchi 10. Kwa Remington ulikuwa inchi 12. Inchi mbili hizo ndizo kisa chenyewe, na nakieleza kwa urefu kwa sababu bado nawaona watu wazima, wenye miaka yao porini, wakinunua bunduki kwa kutazama namba iliyogongwa kwenye mtutu, na kununua risasi kwa kutazama uzito ulioandikwa kwenye boksi, bila kuuliza kama viwili hivyo vinapatana.

Mshale na pia

Waliokulia vijijini wanalijua gobole. Ndani ya mtutu wake ni bomba laini. Linarusha marisau au kipande cha chuma, na ukishavuka hatua chache hakuna anayejua kitaangukia wapi. Bunduki ya kuwindia ya kisasa imechongwa mifereji ndani ya mtutu, nayo inapinda kama nyuzi za skrubu. Kichwa cha risasi kikibanwa humo hakina hiari, lazima kizunguke. Kupinda huko ndiko ninakokuita msokoto. Msokoto wa inchi 12 kwa mzunguko mmoja huandikwa 1:12, na huo ni mlegevu kuliko 1:10 au 1:8, kwa sababu kichwa husafiri mbali zaidi kabla ya kumaliza mzunguko.

Kwa nini kizunguke? Mshale wa Mhadzabe hauhitaji mzunguko wa namna hiyo. Uzito wake uko mbele kwenye chembe, manyoya yako nyuma, na upepo wenyewe unaunyoosha. Kichwa cha risasi chenye ncha kali ni mshale uliogeuzwa kinyume: uzito wake mwingi uko nyuma, na upepo unakisukuma puani. Kikiachwa bila mzunguko kitajipindua mara tu kitokapo mdomoni mwa mtutu.

Kinachokiokoa ndicho kinachoiokoa pia ya mtoto. Pia ikizungushwa kwa nguvu husimama wima kwenye ncha yake kana kwamba imepigiliwa msumari; ikianza kuchoka huyumba, huchora duara, hulala. Na mtoto aliyewahi kuchonga pia mwenyewe anajua kwamba pia ndefu iliyokonda ni sumbufu, inadai kamba ivutwe kwa nguvu zaidi kuliko pia fupi iliyonenepa.

Risasi ni hivyohivyo. Kinachodai mzunguko ni urefu wa kichwa, si uzito wake. Tunataja uzito kwa sababu ndio ulioandikwa kwenye boksi. Kichwa cha greni 100, yaani gramu 6.5, chenye pua butu ni kifupi. Kichwa cha greni 100 chenye ncha kali na mkia uliochongwa ni kirefu. Mizani inaviona sawa, mtutu hauvioni sawa.

Hesabu yake ni ya zamani. Mwaka 1879 mwanahisabati Mwingereza Alfred George Greenhill, aliyefundisha maofisa wa mizinga huko Woolwich, alitoa kanuni ambayo mtu anaweza kuifanya kwa penseli: chukua 150, zidisha kwa kipenyo, zidisha tena kwa kipenyo, gawa kwa urefu wa kichwa. Unachopata ni inchi za msokoto. Kwa kasi inayozidi futi 2,800 kwa sekunde, wawindaji huweka 180 mahali pa 150.

Sasa tuiweke kwenye kisa chetu. Kichwa kifupi cha greni 75 cha kipenyo cha 0.243 kina urefu wa inchi 0.8 hivi. Kanuni inakupa inchi 13. Msokoto wa Remington wa 12 unakitosha na chenji inabaki. Kichwa cha greni 100 chenye ncha kina urefu wa inchi 1.05 hivi. Kanuni inakupa inchi 10. Ndio msokoto wa Winchester, na Remington walipungukiwa na inchi mbili nzima.

Walichokuwa wanakiwaza

Ni rahisi kuwacheka wahandisi wa Remington, na nadhani ni kuwaonea. Walikuwa na mnyama wao akilini. Mashambani Marekani kuna wachimba mashimo wa jamii ya kindi, wakubwa kama sungura au kumzidi, wanaoharibu malisho na mazao. Wakulima na wapenda shabaha huwapiga kutoka mbali sana wakati wa kiangazi. Kwa kazi hiyo unataka kichwa chepesi, chembamba gamba lake (lile koti la shaba linalokifunika), chenye kasi kubwa, kinachopasuka vipandevipande kikigusa kitu. Risasi ya .244 ilitolewa na kichwa cha greni 75 kinachotoka kwa futi 3,500 hivi kwa sekunde, na kingine cha greni 90 kwa futi 3,200.

Msokoto mlegevu una hoja yake hapo. Mzunguko wa kichwa kwa dakika hupatikana kwa kuzidisha kasi kwa 720 na kugawa kwa inchi za msokoto. Futi 3,500 kwenye msokoto wa 12 ni mizunguko 210,000 kwa dakika. Ukikaza msokoto hadi 9 inakuwa 280,000. Kwa kasi hiyo, gamba la shaba lililo nene upande mmoja kwa unene wa unywele tu linatosha kukitupa kichwa pembeni, na vichwa vyepesi vya gamba jembamba vinaweza kuchanika hewani kabla ya kufika. Magamba ya miaka ile hayakuwa sawia kama ya leo. Fundi aliyetaka makundi madogo ya matundu kwenye karatasi alikuwa na kila sababu ya kutokaza msokoto kuliko lazima.

Kwa hiyo hesabu yao ilikuwa sahihi. Walichokosea ni swali. Mwindaji wa Marekani wa miaka ile, mtu wa kipato cha kawaida, alitaka bunduki moja ya mwaka mzima: Julai aende nayo mashambani, Novemba apande nayo mlimani kutafuta kulungu. Kulungu hapigwi na kichwa kilichotengenezwa kupasuka. Kikimpiga begani kinapasukia kwenye mfupa, kinaacha jeraha pana lisilo na kina, na mnyama anaondoka na miguu mitatu. Kila aliyewahi kufuata damu hadi giza linaingia, akaipoteza, akarudi kambini mikono mitupu huku anajua kuna mnyama anateseka mahali fulani, anaelewa kwa nini wawindaji wale walitaka greni 100 zenye gamba nene. Winchester waliwapa: greni 80 za mashambani, greni 100 za mlimani, msokoto wa 10 unaobeba zote mbili.

Haki itendeke: kichwa cha greni 90 cha Remington kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya kulungu, na kiliwaua vizuri. Tatizo ni kwamba mtu anayesimama mbele ya kaunta, mbele yake maboksi mawili, moja limeandikwa 90 na jingine 100, hasomi maelezo marefu. Na akisikia kwa jirani kwamba bunduki ile ya 90 haiwezi kabisa kubeba 100, basi mazungumzo yamekwisha.

Je, ni kweli haikuweza?

Hapa ndipo kisa kinaponivutia zaidi, kwa sababu jibu linategemea ulisimama wapi siku hiyo.

Mwaka 2005 Mmarekani Don Miller alitoa kanuni iliyoiboresha ile ya Greenhill. Inaingiza uzito wa kichwa, kasi yake, na wembamba wa hewa, kisha inakupa namba moja ya uthabiti. Chini ya 1 kichwa kinajipindua. Kuanzia 1 kwenda juu kinasimama, lakini karibu na 1 kinasimama kama mlevi aliyeegemea ukuta. Bryan Litz, mmoja wa wataalamu wanaosomwa sana leo katika mambo ya kulenga mbali, anataka 1.5 ndipo kichwa kitoe uwezo wake wote wa kukata upepo.

Nilipiga hesabu hiyo kwa kichwa chetu cha greni 100 chenye urefu wa inchi 1.05, kikitoka kwa futi 3,000, usawa wa bahari, nyuzi 15 za Selsiasi. Kwenye msokoto wa 12 namba inatoka 1.03. Kwenye msokoto wa 10 inatoka karibu 1.5. Kwenye msokoto wa 9 inapita 1.8.

Itazame vizuri hiyo 1.03. Mchukue mwenye .244 umpeleke kwenye milima ya Colorado, mita 2,000 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 18, na namba yake inapanda hadi 1.25. Anafyatua greni 100, matundu yanakaa pamoja, anarudi nyumbani akisema maneno ya watu ni uzushi. Sasa mchukue ndugu yake, mwenye bunduki pacha na boksi lilelile, umweke pwani ya Maine asubuhi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Hewa imekuwa nzito, namba inashuka hadi 0.94. Kichwa chake kinajipindua. Naye anarudi nyumbani akisema bunduki ni takataka. Wote wawili wameona kweli kwa macho yao, na wakikutana watagombana hadi asubuhi.

Halafu kuna vichwa vyenyewe. Greni 100 zenye pua butu, kwa ufupi wake, zilitulia vizuri kwenye msokoto wa 12. Zenye ncha na kitako bapa ziliyumba au hazikuyumba kulingana na mtengenezaji. Zenye ncha na mkia uliochongwa, ambazo ndizo ndefu kuliko zote, ndizo zilizoaibisha.

Jeshi la Marekani nalo lilikutana na jambo hilihili wakati huohuo. Mwaka 1963 msokoto wa bunduki ya M16 ulikazwa kutoka 1:14 hadi 1:12, kwa sababu kwenye baridi ya Aktiki vichwa vilikuwa vinayumba. Hewa ya joto ilikuwa imeficha tatizo lililokuwepo tangu mwanzo.

Ukitaka kuuona ugonjwa huu kwa macho, uangalie kwenye karatasi ya shabaha. Kichwa kilichotulia huacha tundu la mviringo, dogo kidogo kuliko kipenyo chake kwa sababu karatasi hujirudi, na ukingoni kuna pete ya kijivu kana kwamba mtu amezungusha penseli. Kichwa kinachoyumba huacha tundu la yai, na pete yake ni nene upande mmoja. Kilichojipindua huacha umbo lake lote ubavuni: ncha, kiwiliwili, kitako, kama tundu la ufunguo mlangoni. Hilo la mwisho kila mtu analiona. La yai ndilo hatari, kwa sababu katika mita 100 bado linaweza kuwa ndani ya duara, na mwenye bunduki anajipongeza.

Babu yake alipita Karamoja

Ganda la .244 halikuanzia Marekani. Ni ganda la 7x57 la Mauser, lililobuniwa Ujerumani mwaka 1892 na kupokewa na jeshi la Hispania mwaka uliofuata. Remington walilibana shingo mwaka 1934 wakapata .257 Roberts, na mwaka 1955 wakalibana zaidi wakapata .244. Kwa hiyo .244 ni mjukuu, na babu yake anajulikana sana huku kwetu.

Mskoti Walter Dalrymple Maitland Bell, aliyepewa jina la Karamojo Bell kwa sababu ya nchi ya Wakaramojong kaskazini mashariki mwa Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao kwa 7x57, ambayo Rigby, watengeneza bunduki wa London, waliiuza kwa jina la .275. Idadi hiyo siisifu. Ilikuwa biashara ya pembe, na makundi ya tembo ndiyo yaliyolipa. Lakini kwa anayetaka kuelewa uhusiano wa kichwa na mtutu, hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo: kitu chenye upana wa milimita 7 kinapenya fuvu la mnyama wa tani tano.

Bell alitumia kichwa cha greni 173, kilichofunikwa gamba gumu kote, chenye pua ya mviringo, kirefu karibu milimita 31. Kasi yake ilikuwa ya kawaida tu, futi 2,300 hivi kwa sekunde. Alisogea karibu, aliwasoma tembo kwa undani hadi kupasua fuvu kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi, na alipiga hapo. Msokoto wa mtutu wa 7x57 ni milimita 220, yaani inchi 8.7. Ukiiweka kwenye hesabu ya Miller namba ya uthabiti inapita 2.5. Kichwa hicho kilifika kwenye ngozi ya tembo kimenyooka kama mkuki.

Kunyooka huko kuna maana kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya mwili hakuna mzunguko unaotosha kukituliza kichwa, kwa sababu nyama ni nzito kuliko hewa zaidi ya mara mia nane. Lakini kinachoingia kimenyooka huendelea kunyooka kwa kina kirefu kabla hakijageuka, na kinachoingia kimeinama hugeuka papo hapo, kinakata njia yake mwenyewe, kinasimama kabla ya kufika panapohitajika.

Weka ganda hilo moja mbele yako. Wajerumani walianza na kichwa kirefu kizito, kisha wakachonga mtutu wa kukibeba. Miaka 63 baadaye Wamarekani walilichukua lilelile, wakaanza na kichwa kifupi chepesi, wakachonga mtutu wa kukibeba hicho tu, kisha wakashangaa wateja walipodai kirefu. Anayeanza na kichwa kirefu anaweza baadaye kutumia kifupi bila kupoteza kitu kikubwa. Anayeanza na kifupi amejifungia mlango, maana msokoto haurekebishwi. Unabadilisha mtutu mzima au unakaa nao.

Leo Tanzania hairuhusu kumpiga tembo, nyati au simba kwa kitu kidogo kuliko .375, na ni sawasawa kabisa. Bell alikuwa Bell.

Umbali unapoongezeka

Ukipiga mita 80 kichakani, kama inavyotokea mara nyingi huku kwetu, tundu la yai halitakunyima nyama. Ni umbali unaofichua kila kitu. Kichwa kinachoyumba hukata upepo vibaya, kinapoteza kasi upesi, na upepo wa pembeni hukibeba zaidi ya hesabu yako.

Kasi nayo si ya kujivunia tu. Kichwa cha kuwindia lazima kichanue kikiingia mwilini, kifunguke kama uyoga, na vingi vinahitaji kufika na futi 1,800 hadi 2,000 kwa sekunde ndipo vifunguke. Greni 100 za 6mm zinazotoka kwa futi 2,960 zinafika yadi 300 zikiwa na futi 2,200 au zaidi kidogo, na mahali fulani kati ya yadi 400 na 500 zinashuka chini ya 2,000. Hiyo ni kwa kichwa kilichotulia. Kinachoyumba kinafika kwenye mstari huo mapema zaidi, na hakuna kitu kwenye darubini kitakachokuonya. Utaona mnyama ameshtuka, ameondoka, na baadaye utakuta tundu jembamba kama la sindano, damu kidogo, nyayo ndefu.

Kwa yadi 400 kichwa hicho kiko hewani kwa nusu sekunde. Swala anayekula anapiga hatua nzima katika muda huo. Msimamo wangu ni kwamba 6mm kwa mnyama mwenye ukubwa wa kulungu iishie yadi 300, yaani mita 275, hata msokoto ukiwa mkali namna gani. Wapo watakaobisha na wana bunduki nzuri kuliko yangu. Mnyama hajui bei ya bunduki.

Anayetaka kwenda mbali zaidi leo ana vitu vilivyobuniwa kwa kazi hiyo, na vyote vimeanzia kwenye kichwa kirefu. 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007 ilikuja na msokoto wa 1:8. Kilichonifurahisha zaidi ni 6.8 Western ya mwaka 2021. Kwa karibu miaka mia .270 Winchester, iliyotoka 1925, ilikuwa na msokoto wa 1:10, unaofaa greni 130 na 150. Waliotaka greni 165 hadi 175 katika kipenyo hicho wangeweza kukaza msokoto wa .270 na kuliacha jina, na wangerudia kosa la 1955 kwa sura nyingine: boksi jipya la vichwa virefu lingeingia kwenye mamilioni ya mitutu ya zamani. Wakatengeneza ganda jingine, nene, ndilo hilo la 6.8 Western, ambalo haliingii kabisa kwenye bunduki ya .270 Winchester. Aliyeinunua amenunua na msokoto wake. Remington walikaza msokoto hadi 9, na mwaka 1963 wakabadili jina, lakini ganda wakaliacha vilevile, na ndiyo maana boksi la 6mm Remington la greni 100 linaingia mpaka leo kwenye bunduki ya .244 ya 1955 bila kizuizi chochote.

Tatizo hili linarudi pia kwa mlango wa madini. Kiswahili kiliazima neno risasi kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini yenyewe, yale mazito ya kijivu; lugha yetu haikuwahi kufikiri kwamba risasi ingeweza kutengenezwa kwa kitu kingine. Sasa inatengenezwa. California imepiga marufuku risasi zenye madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019, kwa sababu ndege wala mizoga, hasa kondori, wanakufa kwa sumu yake. Badala yake kuna vichwa vya shaba tupu. Shaba ni nyepesi, kwa hiyo kichwa cha shaba cha greni 85 kinaweza kuwa kirefu sawa na cha kawaida cha greni 100. Mtu aliyezoea kusema "mtutu wangu unabeba hadi 90" atajikuta anarusha matundu ya ufunguo kwa greni 85, na atalaumu shaba.

Fimbo, kitambaa na wino

Utajuaje msokoto wa mtutu ulio mkononi mwako? Usiamini maandishi. Remington wenyewe walianza kuweka msokoto wa 9 kwenye bunduki za .244 miaka kadhaa kabla ya kubadili jina, bila kelele, kwa hiyo bunduki mbili zenye chapa ileile zinaweza kuwa mbali kama ardhi na mbingu.

Njia niliyofundishwa nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa bunduki, Arusha, kwenye chumba kinachonuka mafuta na mbao. Nilimkuta na 7x57 ya zamani, kitako kimepasuka, mwenyewe ameileta itengenezwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Shika hapa, usitikise."

Kwanza alitoa komeo lote la bunduki, akachungulia dirishani kupitia mtutu, akanipa na mimi nichungulie nihakikishe hamna kitu. Akachukua fimbo ya kusafishia, ile ambayo kishikio chake hakizunguki pamoja na chuma ila chuma chenyewe huzunguka peke yake, akafunga kitambaa kibichi cha mafuta hadi kikabana. Akaisukuma kidogo mpaka kitambaa kikashika mifereji. Akachora alama mbili za wino kwenye chuma: moja juu kabisa, sawa na saa sita, nyingine usawa wa mdomo wa mtutu. Kisha akasukuma taratibu, na chuma kikaanza kujizungusha chenyewe, ile alama ya juu ikashuka ubavuni, ikapotea chini, ikatokea upande wa pili. Iliporudi juu akasimama, akachora alama ya pili mdomoni.

"Pima."

Niliweka rula. Kati ya alama mbili za mdomoni palikuwa na sentimita 22.

"Mara mbili zaidi," akasema. "Kitambaa kinateleza. Kipimo kimoja ni uongo, kijana wangu."

Tukarudia. Ishirini na mbili. Mara ya tatu ishirini na moja na nusu, akaifuta, tukarudia tena.

Ukiwa na .244 na fimbo yako ikatoa inchi 9, nunua greni 100 zenye ncha na uende kuzijaribu. Ikitoa 12, nunua vichwa vya kulungu vya greni 85 au 90 vyenye kitako bapa, au greni 100 zenye pua butu, na uache vyenye mkia uliochongwa na vya shaba virefu. Vyovyote utakavyochagua, vipige kwanza kwenye karatasi katika yadi 200, si 100, asubuhi yenye baridi kuliko zote utakazowinda, kisha tembea hadi kwenye karatasi ukatazame pete ya kijivu kwa jicho la karibu, tundu moja baada ya jingine.